Neno la Kweli Juu ya Picha



Siku hizi hakuna harusi, ubatizo wala komunyo ya kwanza katika parokia zetu inayopita bila kupigwa picha, au foto kama tusemavyo hapa kwetu. Zamani mpiga picha alikuwa mmoja. Alisimama mlangoni pa kanisa na kamera yake yenye filamu ya picha 24 au 36, akahesabu kila alipobonyeza, kwa maana filamu ilikuwa ghali na kuisafisha kulikuwa ghali vilevile. Leo mwanafunzi wa Butembo mwenye simu mfukoni apata picha mia kabla watu hawajafika nyumbani kwenye karamu. Jambo hili ni jema, wala hatulilaumu.

Lakini tazameni yanayofuata. Kijana yule aonyesha picha zake. Mama yake asema: “Nzuri sana, mwanangu!” Rafiki zake wacheka. Shangazi yake anung’unika: “Mbona umenifanya mnene namna hii?” Kisha simu yarudi mfukoni, na Jumapili ifuatayo kijana apiga picha zilezile zenye makosa yaleyale. Sifa haikumfundisha kitu, wala kicheko, wala manung’uniko. Wahenga walisema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nasi twaweza kuongeza ya kwamba mgema akichekwa kila siku, hushuka mtini asipande tena.

Kwa hiyo leo twataka kuzungumza nanyi juu ya mambo mawili: jinsi ya kumwambia mwenzetu ukweli juu ya picha yake, na jinsi ya kuupokea ukweli huo tunapoambiwa sisi. Mwishoni tutamkumbuka mtu wa tatu ambaye mara nyingi husahauliwa, naye ni yule aliyepigwa picha.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Labda mtasema ya kwamba picha ni mchezo wa vijana, na mchezo hauhitaji mwalimu. Sivyo. Mkaaji wa Beni, asubuhi ambapo mawingu yameondoka, aweza kuona upande wa mashariki milima ya Ruwenzori, ambayo kilele chake kirefu hufikia mita 5,109. Mwaka 1906 Mwitalia mmoja, Vittorio Sella, alifuatana na Mtawala wa Abruzzi katika safari ya kuipanda milima hiyo kwa upande wa Uganda. Sella alikuwa mtu wa kusubiri. Aliingoja nuru, aliyangoja mawingu yapite, akapiga picha za barafu na vilele zilizo safi kabisa. Miaka mia moja baadaye wataalamu waliopima barafu ya Ruwenzori walizitazama tena. Mwaka 1906 barafu ile ilikadiriwa kuwa na eneo la kilomita za mraba sita na nusu hivi. Mwaka 2003 ilikuwa haifiki hata kilomita moja ya mraba. Picha iliyopigwa vizuri imekuwa shahidi wa jambo ambalo mpigaji mwenyewe hakulijua alipokuwa akibonyeza.

Lakini kwa muda mrefu jicho lililotazama nchi yetu lilikuwa jicho la mgeni. Mwaka 1956 Joseph Makula, aliyekuwa askari wa Force Publique na mpenda picha kwa hiari yake, aliingia Congopresse, ofisi ya serikali ya kikoloni iliyogawa habari na picha, naye atajwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuajiriwa huko kama mpiga picha. Tangu hapo njia imepanuka. Mwaka 2008 wasanii wa Lubumbashi walianzisha maonyesho makubwa, wakayapa jina la Kiswahili: Picha. Mwaka 2020, barabara zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, wapiga picha wa Kongo wenyewe, wengi wao vijana wa mashariki, walipeleka kwa ulimwengu picha za maisha ya watu wao katika kazi iliyoitwa Congo in Conversation.

Sasa turudi nyumbani. Tangu mwezi wa Oktoba 2014 watu wa eneo la Beni wamekuwa wakiuawa vijijini na mashambani. Tena kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020 ugonjwa wa Ebola ulipita katika Mangina, Beni, Butembo na mahali pengine, ukaua watu 2,287. Mtu wa mbali akitafuta picha za kwetu, aona maiti, askari, na watu waliojifunika mwili mzima kwa mavazi ya kujikinga. Mambo hayo yalitukia kweli, wala hatuwezi kuyaficha. Walakini Beni ni mahali pia ambapo kakao huanikwa uani juani, na Butembo ni mji wa vilima ambapo mama hupanda barabara alfajiri na mzigo wa mboga, na kijana husukuma chukudu lililojaa viazi. Nani atayaonyesha hayo, kama si watoto wetu? Nao watayaonyeshaje vizuri, kama hakuna anayewapenda kiasi cha kuwaambia ya kwamba picha hii haijafaa bado?

Jinsi ya kusema

Tuchukue mfano mmoja, tuutazame kwa makini. Misa ya komunyo ya kwanza imekwisha. Ni saa sita za mchana. Binti amesimama mbele ya mlango wa kanisa, amevaa gauni jeupe na shela nyeupe, na ukuta ulio nyuma yake umepakwa chokaa. Kaka yake ampiga picha. Baadaye watazama: gauni laonekana, ukuta waonekana, lakini uso wa binti ni mweusi kama mkaa, na mahali pa macho pana mashimo mawili ya giza. Tena, nguzo ya umeme iliyo mbali nyuma yaonekana kana kwamba imeota kichwani pake.

Basi tumwambie nini kaka huyu?

Kwanza, tutazame kabla ya kusema. Watu wengi hutoa hukumu kabla jicho halijafika pembe zote za picha. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Kisha sema unachokiona, si unachokipenda. “Jicho langu limeanzia kwenye gauni, likaenda kwenye nguzo, halafu ndipo likaufikia uso.” Neno hili halimtukani mtu, bali lampa habari ambayo hawezi kuipata peke yake. Yeye alipobonyeza alikuwa akimwona dada yake, kwa sababu ampenda; ile nguzo hakuiona kabisa. Mtazamaji asiyemjua binti ndiye aionaye kwanza.

Pili, tumwulize alikusudia nini. Pengine alitaka uso wa dada yake. Pengine alitaka kanisa lote pamoja na umati wa watu. Picha isiyofaa kwa kusudi moja yaweza kufaa kwa kusudi jingine. Mwalimu anayesahihisha insha bila kuijua mada aliyopewa mwanafunzi, asahihisha mawazo yake mwenyewe.

Tatu, tutaje kosa pamoja na sababu yake na dawa yake. Kusema tu “uso ni mweusi” ni kama mganga aliyesema “unaumwa” akaenda zake. Sababu ni hizi. Butembo na Beni zi karibu sana na ikweta, na saa sita jua husimama karibu juu ya utosi. Nuru yashuka wima. Paji la uso lapata nuru, na macho yakaa kivulini mwa nyusi. Hiyo ndiyo sababu ya yale mashimo. Tena kamera haijui ya kwamba inamtazama mtoto wa watu. Hupima nuru yote iliyo mbele yake, na ikiona weupe mwingi, yaani gauni, shela na ukuta, hudhani ya kwamba nuru imezidi, ikaipunguza. Weupe wapungua kidogo, lakini uso wa kahawia wapotea gizani. Simu nyingi za siku hizi hujaribu kuutambua uso wa mtu, lakini katika jua kali mara nyingi hukosea.

Na dawa? Ni nyepesi, wala haigharimu faranga. Mpeleke binti barazani, au chini ya mti wenye kivuli kizito, mahali ambapo nuru yamjia kwa mbele wala si kutoka juu. Gusa uso wake juu ya kioo cha simu, ili chombo kipime nuru pale, kisha pandisha nuru kidogo. Kama kuna kitambaa cheupe, mtu akishike mbele yake kwa chini, nuru itarudi usoni. Au ngoja saa kumi za alasiri, jua likianza kuinama. Juu ya ile nguzo, hatua mbili upande wa kushoto zatosha. Ukimpa kijana sababu na dawa, hujasahihisha picha moja tu. Umesahihisha zote zitakazofuata.

Hapa twataka kuongeza jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Kosa la nyuso zetu kuingia gizani halikuwa daima kosa la mpigaji. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ya Marekani ilitoa kadi ya picha ya kupimia rangi, na juu yake palikuwa na mwanamke Mzungu. Rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Mafundi wa kusafisha picha waliitumia kila mahali. Basi mtoto mweusi na mtoto mweupe wakikaa benchi moja katika picha ya darasa, mmoja alionekana vizuri na mwenziwe akaonekana meno na macho tu. Mama za watoto hao bila shaka waliona. Lakini yasemekana kilio kilichosikiwa zaidi kilikuwa cha watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika ya kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazitofautiani. Baadaye filamu zikatengenezwa upya, zikaweza kuonyesha kahawia nzito na kahawia nyepesi. Twajifunza mambo mawili. La kwanza, ukosoaji wenye sababu wazi hugeuza hata kazi ya kampuni kubwa. La pili, kabla ya kumlaumu kijana, tujue kwanza kama kosa ni la mkono wake au la chombo alichopewa.

Nne, kosa moja latosha kwa siku moja. Ukimwambia juu ya nuru, nguzo, mkono uliokatwa, kioo cha simu chenye vumbi, na mtoto aliyepita nyuma, atasahau yote pamoja. Chagua lile ambalo likiondolewa picha itapona kwa sehemu kubwa. Katika mfano wetu ni nuru ya usoni. Nguzo tutaitaja juma lijalo.

Tano, sifa nayo iwe na sababu. “Nzuri sana” haina mikono wala miguu. Lakini ukisema, “Umefanya vema kuchuchumaa hata kamera ikawa sawa na macho ya mtoto, maana hatumtazami kutoka juu kama jirani mwenye kiburi,” kijana atachuchumaa tena kesho. Nasi Wanande hatukosi neno la kumshukuru afanyaye kazi vema, twamwambia “wasingya”. Haidhuru kulisema, ila baada yake tuseme ni kwa kitu gani.

Tena tuzungumze juu ya picha, tusizungumze juu ya mtu. “Uso umeingia gizani” ni neno la msaada. “Wewe hujui kupiga picha” ni kofi. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mifupa. Na kama neno ni zito, liseme faraghani. Kijana akikosolewa mbele ya wasichana wa kwaya, hasikii tena habari za nuru. Asikia kicheko tu.

Mtauliza: na ikiwa mpiga picha ni mtu mzima kuliko mimi? Desturi zetu zamkataza kijana kumsahihisha mzee, nasi hatutaki kuzibomoa. Lakini swali la heshima halikukatazwa. “Baba, naomba kufahamu, ulipendelea kumweka bibi upande wa giza kwa sababu gani?” Pengine mzee ana sababu ambayo hukuijua, nawe utakuwa umejifunza. Pengine hana, basi atatazama mwenyewe, naye atakuwa amejifunza bila kuaibishwa.

Jinsi ya kupokea

Kusema ni kugumu. Kupokea ni kugumu zaidi. Picha ni kazi ya jicho letu, na mtu akiigusa twaona kana kwamba ametugusa mboni. Mara tu mwenzetu afunguapo kinywa, twaanza kujitetea: jua lilikuwa kali, simu ni ya zamani, binti alikuwa akicheza, watu walinisukuma. Yote hayo yaweza kuwa kweli. Lakini fikirini: picha ikitundikwa ukutani au ikipelekwa kwa mjomba aliye Kampala, hutakuwapo kuieleza. Yapasa ijitetee yenyewe.

Basi shauri letu la kwanza ni kunyamaza. Mwache mwenzako amalize. Kisha uliza swali moja lililo wazi. Usiulize “Wasemaje?”, maana utajibiwa “Nzuri”. Uliza: “Jicho lako limeanzia wapi?” au “Wamjua huyu kuwa ni nani na anafanya kazi gani kwa kuitazama picha hii tu?” Swali jembamba huleta jibu lenye faida.

Shauri la pili ni kuandika. Uwe na daftari. Andika tarehe, mahali, saa, jinsi nuru ilivyokuwa, na neno uliloambiwa. Baada ya miezi mitatu utaona ya kwamba watu watano wamekuambia jambo lilelile. Mtu mmoja akisema, pengine ni upendeleo wake. Watano wakisema, ni kosa lako.

Shauri la tatu: usilazimike kutii kila neno. Wako watakaokuambia kila mtu katika picha asimame wima, mikono ubavuni, bila kutabasamu, kwa sababu ndivyo walivyopigwa wao kwa ajili ya kitambulisho. Pima neno kwa kusudi lako. Likikusaidia kulifikia, lishike. Lisipokusaidia, shukuru, uliache. Lakini usilitupe kwa sababu tu limekuchoma.

Shauri la nne ndilo kubwa: rudi ukaipige picha ileile. Wengi husikia maoni kisha hukimbilia picha nyingine kabisa. Fundi seremala aliyetengeneza kiti kinachoyumba hatengenezi meza ili kujifariji. Arekebisha mguu wa kiti. Rudi barazani kwa mama yuleyule anayechambua maharage, saa nyingine, upande mwingine, ukiwa karibu zaidi. Weka picha mbili pamoja. Hapo ndipo utakapoona kama neno lile lilikuwa la kweli.

Kuna desturi ya zamani ambayo tungependa kuwashauri wanafunzi waijaribu. Huko Uingereza wapenda picha waliokaa miji mbalimbali walikuwa wakipelekeana kifurushi kwa posta. Kila mmoja alitia picha yake moja, akazitazama za wenzake, akaandika maoni yake, kisha akakituma kifurushi kwa mwingine. Kilipomrudia mwenyewe, alikuta maoni ya kundi zima. Uzuri wa desturi hii ni kwamba mtu aandikaye hufikiri kuliko mtu apayukaye, na asomaye aweza kukasirika peke yake chumbani, akatulia, akasoma tena. Toka Butembo mpaka Beni ni kilomita 50 na kitu tu. Kwa nini darasa moja la huko na darasa moja la huku lisiwe na daftari linalosafiri, lenye picha zilizobandikwa, na kila mwanafunzi aandike sentensi mbili: moja ya kile alichokiona, na moja ya kile angebadilisha? Wa Beni, walio chini katika joto na miti mingi, wataona ukungu wa Butembo kwa jicho jipya. Nao wa Butembo wataona kakao ambayo wengine wao hawajapata kuigusa.

Mtu wa tatu

Mpaka hapa tumezungumza juu ya mpigaji na mtazamaji. Lakini katika kila picha ya mtu yuko wa tatu, naye hana sauti katika mazungumzo yetu. Binti wa komunyo angependa picha ile yenye mashimo ya macho ionyeshwe kwa majirani? Shangazi aliyenung’unika alikuwa na haki, ingawa hakuisema vizuri: sura ni yake. Basi katika kukosoa picha tusisahau kuuliza: “Huyu amekubali? Ameiona?” Kwa mtoto tuwaulize wazazi wake. Kwa mtu aliyekimbia vita, analala darasani na watoto wake, tuulize mara mbili, kwa kuwa mwenye njaa huogopa kukataa.

Na sasa tufike kwenye jambo zito. Katika eneo la Beni, mara baada ya shambulio, simu huanza kupokea picha za waliouawa. Tuseme mwanafunzi wako akuletea picha ya namna hiyo, aliyoipiga mwenyewe, akauliza: “Mwalimu, waionaje?” Usizungumze juu ya nuru. Mwambie keti. Mwulize alivyoona na alivyolala usiku ule, maana naye amejeruhiwa. Kisha mwambie ukweli ulio wazi: mtu huyu ana mama, na mama yake ana simu. Usiitume kwa mtu yeyote. Ikiwa yaweza kuwa ushahidi, ipelekwe kwa wanaochunguza, pamoja na tarehe na mahali; isizungushwe sokoni.

Mtu aweza kupinga na kusema ya kwamba picha za mateso zimewahi kuisaidia Kongo. Ni kweli. Mwaka 1904, huko Baringa upande wa Equateur, mmisionari Mprotestanti kutoka Uingereza, Alice Seeley Harris, alimpiga picha baba mmoja aitwaye Nsala, ameketi kibarazani, akiutazama mkono na mguu wa binti yake mdogo aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo ilionyeshwa katika mikutano mingi Ulaya na Marekani, ikawa mojawapo ya silaha za wale waliopinga utawala wa Mfalme Leopold, hata mwaka 1908 Kongo ikaondolewa mkononi mwake. Lakini tazameni jinsi picha ile ilivyofanywa. Baba mwenyewe ndiye aliyekuja misioni na ushahidi wa msiba wake. Jina lake lilihifadhiwa, na mahali, na sababu. Yeye aliyeteswa yuko katikati ya picha, ameketi kama mtu mwenye heshima, na huzuni yake ndiyo tunayoitazama. Picha ya simu inayopita toka mkono hadi mkono bila jina, bila tarehe, mara nyingine ikiwa ya nchi nyingine kabisa na mtu akaandika chini yake “Beni”, haifanyi kazi hiyo. Huongeza hofu na uvumi tu. Ndiyo maana swali “Ni ya wapi, na ya lini?” ni sehemu ya ukosoaji kama swali la nuru.

Tena tuwaonye vijana kwa ajili ya usalama wao. Tangu tarehe 6 Mei 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri zilipowekwa chini ya utawala wa kijeshi, na hata kabla yake, kijana aliyeinua simu karibu na kambi au kizuizi cha barabarani aweza kudhaniwa kuwa mpelelezi. Hakuna picha inayolingana na uhai wa mtoto wetu. Atakayeisifu picha ya namna hiyo bila kuuliza ilipigwaje, amemsukuma kijana kwenda kuipiga nyingine.

Basi, wapenzi wasomaji, juma hili tuanze na jambo dogo. Wanafunzi, pigeni picha moja tu ya mzazi akiwa kazini, asubuhi kati ya saa moja na saa mbili, kwa ruhusa yake. Futeni kwanza kioo cha simu kwa kitambaa laini, maana vumbi la barabara zetu mwalijua. Mwonyesheni mtu mmoja mnayemwamini, mwulizeni jicho lake limeanzia wapi, nyamazeni, andikeni. Kesho yake rudini mkaipige tena. Wazazi na walimu, mtakapoonyeshwa picha hizo mbili, tafadhali msiseme “nzuri” kabla ya kusema kwa nini. Na mzazi aliyepigwa picha apewe moja iliyochapishwa, ikiwa na jina lake, mahali na tarehe nyuma yake, aiweke nyumbani.